Nitrati na Fosfati katika Tangi la Matumbawe: Soma Kipimo Kabla ya Kununua Dawa

Kufuga matumbawe hai ndani ya tangi la kioo ni burudani inayogharimu. Kabla tumbawe la kwanza halijaingia majini, mwenye tangi amekwisha kununua taa maalumu, pampu za kuzungusha maji, mawe, chumvi ya kutengenezea maji ya bahari na mtambo wa kuchuja maji. Kisha hufika siku ambayo matumbawe yanapauka, au kioo kinafunikwa na mwani, naye huenda dukani akiwa na chupa ya maji mkononi. Muuzaji hupima, hutikisa kichwa, na kumwuzia dawa. Mara nyingi dawa hiyo ni halali na inafanya kazi iliyoandikwa kwenye lebo. Tatizo ni kwamba haikuhitajika, au kilichohitajika ni kinyume chake kabisa.

Somo hili linahusu namba mbili tu, nitrati na fosfati, kwa kuwa dawa nyingi za matangi huuzwa kwa majina yake. Tunataka msomaji ajue namba aliyosomewa ina maana gani, na aweze kuamua mwenyewe kama namba hiyo inamdai anunue kitu.

Virutubisho hivi vinatoka wapi

Nitrojeni na fosforasi haziumbiki ndani ya tangi. Huingia kwa mlango, na mlango mkubwa ni chakula cha samaki. Samaki hula, hutoa amonia kupitia matamvua yao, na huacha kinyesi. Bakteria wanaoishi kwenye mawe huibadili amonia kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati. Amonia na nitriti ni sumu, na katika tangi lililokomaa hazipaswi kuonekana kwenye kipimo. Nitrati hujilimbikiza mpaka iliwe na mwani na matumbawe, iondoke pamoja na maji yanayobadilishwa, au ifike ndani ya mawe pasipo na oksijeni, ambako bakteria wengine huigeuza kuwa gesi inayopanda hewani. Fosfati haina njia hiyo ya kutokea. Hubaki majini, hubaki katika miili ya viumbe, au hujishika kwenye mawe na mchanga wa chokaa.

Kiasi kinachoingia kinaweza kukadiriwa kwa kusoma lebo ya kopo la chakula, na tunapendekeza kila mwenye tangi aifanye hesabu hii walau mara moja. Chukua chakula kikavu chenye protini asilimia 45 na fosforasi asilimia 1, na tangi lenye lita 200 za maji halisi, yaani baada ya kutoa ujazo wa mawe na mchanga. Takriban asilimia 16 ya uzito wa protini ni nitrojeni. Kwa hiyo gramu moja ya chakula hicho ina gramu 0.45 za protini, na ndani yake miligramu 72 za nitrojeni. Nitrojeni hiyo yote ikigeuka nitrati, uzito wake huzidishwa kwa 4.43, kwa sababu kila atomu ya nitrojeni sasa imebeba atomu tatu za oksijeni. Tunapata miligramu 319, ambazo zikigawanywa kwa lita 200 ni ongezeko la miligramu 1.6 kwa lita. Fosforasi ya gramu hiyo moja ni miligramu 10. Ikizidishwa kwa 3.07 inakuwa miligramu 31 za fosfati, sawa na miligramu 0.15 kwa lita.

Huo ni ukomo wa juu. Sehemu ya chakula hubaki katika mwili wa samaki anayekua, na sehemu nyingine huondolewa na vichujio. Hata hivyo gramu moja ya chembe za chakula haijazi kijiko cha chai, na wapo wanaomwaga kiasi hicho asubuhi na jioni. Mwenye kulisha kupita samaki wanavyoweza kumaliza kwa dakika mbili anajinunulia tatizo kwa fedha zake. Chupa ya dawa ni ununuzi wa pili.

Kwa nini sifuri si shabaha

Maji ya bahari yanayopita juu ya mwamba wenye afya yana virutubisho kidogo mno. Nitrati yake kwa kawaida haifiki miligramu 0.5 kwa lita, na fosfati ni sehemu chache za mia za miligramu. Kutokana na ukweli huo limezuka fundisho, ambalo maduka mengi bado hulirudia, kwamba tangi bora ni lenye sifuri na sifuri. Fundisho hilo linasahau jinsi bahari inavyofanya kazi. Mtu anayepiga mbizi Chumbe au Mafia huona maji maangavu, lakini maji hayo hayasimami. Kupwa na kujaa huyapitisha juu ya mwamba usiku na mchana yakiwa yamebeba viumbe vidogo vinavyoelea, ambavyo tumbawe huvinasa kwa minyiri yake, huku makundi ya samaki yakidondosha kinyesi juu ya matawi wanakojificha. Kilichomo katika lita moja ni kidogo, lakini lita zinazopita hazina idadi. Tangi la lita 200 halina kupwa wala kujaa. Sifuri ndani yake yaweza kuwa na maana kwamba kila kinachoingia kinaliwa papo hapo, na yaweza kuwa na maana kwamba matumbawe yanakufa njaa. Kipimo hakiwezi kukutofautishia hali hizo mbili. Hali ya matumbawe yenyewe ndiyo itakayokuonyesha.

Tumbawe ni mnyama, lakini ndani ya nyama yake unaishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao wanasayansi huuita zuzanthela. Mwani huo hutumia mwanga kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo humlisha mwenyeji wake. Rangi ya kahawia ya matumbawe mengi ni rangi ya mwani huo. Kama mmea wowote shambani, unahitaji nitrojeni na fosforasi. Virutubisho vikizidi, mwani huongezeka na tumbawe lililokuwa na rangi ya zambarau au kijani hugeuka kahawia iliyokolea. Fosfati ikiwa nyingi mno huweza pia kuzuia tumbawe lisijenge mifupa yake ya chokaa. Vikikosekana, mwani hupungua, tumbawe hupauka, nyama yake hukonda mpaka mifupa ikaonekana, na minyiri haichomozi tena.

Lipo jambo jingine ambalo halijulikani sana nalo ni muhimu zaidi kwa mnunuzi wa dawa: madhara hayatokani na wingi au uchache peke yake. Mwaka 2013 Jörg Wiedenmann na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walichapisha katika jarida la Nature Climate Change matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa matumbawe yaliyofugwa kwenye matangi. Waliona kwamba matumbawe yaliyopata nitrojeni nyingi huku yakinyimwa fosfati yalipauka kwa urahisi zaidi yalipopatwa na joto na mwanga mkali. Mwani ndani yake ulikuwa umechochewa kukua bila kuwa na fosforasi ya kutosha kujengea utando wa seli zake. Hebu sasa mfikirie mwenye tangi ambaye nitrati yake ni miligramu 30 na fosfati yake ni 0.05. Anaambiwa virutubisho vimezidi, anauziwa dawa ya kuondoa fosfati kwa kuwa ndiyo iliyopo rafu ya mbele, na baada ya wiki mbili fosfati haionekani huku nitrati ikiwa pale pale. Amelipia hali ileile ambayo majaribio ya Southampton yalionyesha kuwa ni hatari. Siku umeme ukikatika na maji yakapata joto, matumbawe hayo hayana akiba ya kujitetea.

Tangi lililofutwa virutubisho vyote lina balaa lake pia. Nafasi iliyoachwa na mwani wa kawaida huweza kukaliwa na vijiumbe vya jamii ya dinoflajelati, vinavyoonekana kama utelezi wa kahawia wenye nyuzi na mapovu ya hewa juu ya mchanga na matawi. Mwenye tangi huudhania kuwa ni mwani uliosababishwa na uchafu, hupunguza chakula zaidi, na hali huzidi kuwa mbaya.

Hakuna sheria inayotaja kiwango kimoja kwa matangi yote. Kwa matangi mengi ya nyumbani yenye matumbawe mchanganyiko, nitrati kati ya miligramu 2 na 10 kwa lita na fosfati kati ya 0.03 na 0.10 ni mahali pa salama pa kuanzia. Matumbawe laini huvumilia zaidi ya hapo. Yale ya matawi, hasa Acropora, huumizwa na mabadiliko ya ghafla hata pale ambapo namba mpya ni nzuri kuliko ya zamani. Tangi lenye nitrati 15 ambalo matumbawe yake yanakua, yana rangi na yanachanua kila siku halina ugonjwa, na hatuoni sababu ya mwenyewe kufungua pochi.

Jina moja, vizio viwili

Hapa ndipo watumiaji wengi wanapopotea, na ndipo ushauri wetu unaweza kuokoa fedha nyingi zaidi.

Maabara na watengenezaji wa vipimo hueleza nitrati kwa njia mbili. Njia ya kwanza huhesabu uzito wa nitrati yote, na lebo huandikwa NO3. Njia ya pili huhesabu uzito wa nitrojeni iliyomo tu, na lebo huandikwa NO3-N. Maji ni yaleyale lakini namba ya kwanza ni kubwa mara 4.43 kuliko ya pili. Mfano mzuri ni viwango vya maji ya kunywa. Shirika la Afya Duniani limeweka mwongozo wa miligramu 50 za nitrati kwa lita, ilhali Marekani imeweka kikomo cha miligramu 10. Msomaji wa haraka atadhani Marekani ni kali mara tano. Ukweli ni kwamba Marekani huhesabu nitrojeni. 10 yao ni nitrati 44, na tofauti ya viwango hivyo viwili ni ndogo.

Fosfati nayo ina mtego wake. Vifaa kadhaa vidogo vya kielektroniki havisomi fosfati, bali husoma fosforasi kwa mikrogramu kwa lita. Kifaa kikionyesha 26, hiyo ni mikrogramu 26 za fosforasi. Zidisha kwa 3.07 upate karibu mikrogramu 80, kisha gawanya kwa 1000, nayo ni fosfati miligramu 0.08 kwa lita. Namba hiyo iko ndani ya kiwango cha salama. Aliyesoma 26 akaifananisha na 0.03 ya kwenye kitabu atashtuka bure, na ataondoka dukani na mfuko wa dawa.

Kwa hiyo unapopimiwa maji dukani, usiridhike na namba. Uliza: hii ni nitrati au nitrojeni? Fosfati au fosforasi? Ni miligramu au mikrogramu? Muuzaji anayejua kazi yake atajibu bila kukasirika. Omba pia kuona kasha la vipimo. Liwe linasema wazi kwamba linafaa kwa maji ya chumvi, kwani mengine yametengenezwa kwa maji baridi pekee. Tarehe ya mwisho wa matumizi isiwe imepita, na vitendanishi visiwe vimekaa juani kwenye dirisha la duka. Kwa fosfati, tazama kasha linaweza kutofautisha viwango vidogo kiasi gani. Lenye hatua ya kwanza ya rangi kwenye miligramu 0.25 halina msaada kwa mwenye matumbawe, maana kila jambo linalomhusu hutokea chini ya hapo.

Makosa ya kupima nayo yapo. Baadhi ya vipimo vya nitrati vina kitendanishi chenye unga unaotuama; chupa isipotikiswa kama maelekezo yanavyotaka, nitrati husomeka pungufu. Vipimo vingi vya nitrati hufanya kazi kwa kuigeuza kwanza kuwa nitriti, hivyo tangi jipya ambalo bado lina nitriti husomeka kuwa na nitrati nyingi kuliko iliyomo. Linganisha rangi kwa mwanga wa mchana, mbali na taa za buluu za tangi. Ukitilia shaka, rudia kipimo siku ya pili kabla ya kuchukua hatua. Kwa anayeweza kumudu, myeyusho wa rejea wenye kiwango kinachojulikana ndio njia ya uhakika ya kulipima kasha lenyewe.

Bidhaa zinazouzwa

Kubadilisha maji ndiyo njia ya bei nafuu, na hesabu yake ni rahisi. Ukitoa asilimia 20 ya maji na kurudisha maji yasiyo na nitrati, 40 inakuwa 32. Ukirudia inakuwa karibu 26, na mara ya tatu karibu 20, ikiwa hujaongeza nyingine kwa chakula. Ni mwendo wa polepole, nao ni mwema kwa matumbawe.

Kifaa cha kuengua povu, ambacho mafundi hukiita skima, huondoa uchafu kabla haujaoza. Hakiondoi nitrati iliyokwisha kuyeyuka, na muuzaji anayeahidi hivyo anapotosha.

Punje za oksidi ya chuma, zenye rangi ya kutu, hunasa fosfati kwa nguvu. Tunashauri kuanza na nusu ya kiasi kilichoandikwa au pungufu, na kupima kila baada ya siku mbili. Mtumiaji aelewe pia kwamba mawe na mchanga uliokaa muda mrefu katika fosfati nyingi huirudisha majini pindi ya majini inapopungua. Fosfati itashuka, kisha itapanda tena. Bidhaa haikudanganya, akiba ya mawe ndiyo inayotoka, na inaweza kuchukua miezi.

Njia ya kuwalisha bakteria kaboni, kwa siki au kwa chembe maalumu zinazouzwa, hupunguza nitrati kwa kasi. Ikizidishwa, bakteria huongezeka na kumaliza oksijeni, na samaki hufa usiku. Hatumshauri anayeanza kuitumia. Mwani wa kufugwa katika chumba cha pembeni chenye taa yake hufanya kazi hiyohiyo kwa usalama zaidi, na ukikua huvunwa na kutupwa.

Zipo pia chupa za kuongeza nitrati na fosfati kwa matangi yaliyofikia sifuri. Ni bidhaa halali. Hata hivyo, kabla ya kununua chupa ya kurudisha kile ulichokiondoa kwa chupa nyingine, punguza ile ya kwanza na uwalishe samaki vizuri.

Tahadhari moja inahusu afya ya binadamu. Baadhi ya wenye matangi, wakichoshwa na mwani, hutoa mawe na kuyamwagia maji yanayochemka au kuyasugua kwa brashi. Mawe yenye matumbawe ya jamii ya Palythoa yanaweza kuwa na palitoksini, sumu kali inayoweza kuingia mwilini kwa mvuke, kwa macho au kwa kidonda. Yamewahi kutokea matukio huko Marekani na Ulaya ambapo familia nzima zilipata homa na shida ya kupumua baada ya kazi ya aina hiyo ndani ya nyumba. Usichemshe jiwe lolote la tangi. Ukishika matumbawe haya, vaa glavu na miwani ya kukinga macho.

Maji ya kuanzia

Anayepambana na nitrati asiyoielewa apime maji yake ya bomba au ya kisima kabla ya kuyatia chumvi. Visima vilivyo karibu na vyoo vya shimo huweza kuwa na nitrati nyingi, na hapo kila ndoo ya maji mapya huongeza kile unachokusudia kukipunguza. Mtambo wa kuchuja kwa utando, maarufu kwa jina la RO, huondoa sehemu kubwa, ilimradi vichujio vibadilishwe kwa wakati. Katika kununua mtambo huo, uliza kwanza bei ya vichujio vya kubadilisha na kama vinapatikana nchini. Bei ya mtambo wenyewe ni sehemu tu ya gharama ya miaka mitatu.

Ukinunua tumbawe lenyewe, kumbuka kwamba matumbawe yote ya mawe yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, hivyo biashara yake kati ya nchi na nchi inahitaji kibali. Omba kuonyeshwa.

Ukiwa na malalamiko

Bidhaa ikishindwa kufanya kile ilichoahidi, usiitupe chupa wala kasha. Tunza risiti, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, na uandike vipimo vya kabla na baada pamoja na tarehe zake na kizio kilichotumika. Anza kwa muuzaji, kwa maandishi, ukitaja unachodai: kurudishiwa fedha, kubadilishiwa bidhaa, au kulipwa hasara ya matumbawe. Asipojibu, leta nakala za karatasi hizo ofisini kwetu. Lalamiko lenye neno «nitrati ilikuwa 40» bila kizio hutulazimu kuanza upya. Lenye picha ya lebo ya kasha la vipimo tunaweza kulishughulikia siku hiyohiyo.